Kikoba kimevunjwa, nina 1,900,000 na madeni manane: nianze na lipi?

SWALI

Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina mume na watoto watatu. Jumamosi iliyopita tulivunja kikoba na mgawo wangu, hisa pamoja na faida, umekuja 1,900,000. Hela hii haina kazi nyingine, nimeamua yote iende kwenye madeni. Shida ni kwamba madeni yenyewe yako manane na kila mtu ananivuta upande wake.

Mshahara wangu wa msingi ni 1,200,000. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu wanakata 180,000 kila mwezi, bado wananidai 3,900,000. Benki wanakata 250,000. Imebaki miezi 32 na salio waliloniambia ni 6,400,000, riba 17% kwa mwaka. SACCOS nilichukua mkopo wa dharura, umebaki 900,000, riba 1.5% kwa mwezi inayopungua kadiri salio linavyoshuka, nakatwa 80,000. Walionidhamini ni walimu wenzangu wawili. Baada ya makato yote inaingia 400,000, yaani nimegota kwenye theluthi ya mshahara wa msingi isiyoruhusiwa kukatwa, benki hawawezi kuniongeza hata shilingi.

Ndiyo maana nikatoka nje. Juni nilichukua 1,200,000 kwenye kampuni ya mikopo midogo nikanunua friji la kuuzia barafu na juisi. Riba 3% kwa mwezi, miezi 12, rejesho 136,000. Nimelipa marejesho matano, yamebaki saba. Dhamana niliandika friji, runinga na makochi. Julai binti yangu alichaguliwa kidato cha tano, nikakopa 500,000 kwa mtu wa mtaani, hii wanayoita kausha damu. Kuanzia Agosti nampa 100,000 kila mwisho wa mwezi, na yeye ndiye anakaa na kadi yangu ya benki na namba ya siri. Nimeshampa mara nne na deni bado 500,000 ileile. Halafu kuna mkopo wa simu, wa programu: wananiandikia 200,000, mkononi inaingia 170,000, baada ya siku 14 narudisha 200,000. Nikilipa nakopa tena siku hiyohiyo maana nabaki mtupu. Tangu katikati ya Septemba naishi hivyo. Huo ni mdogo, haunisumbui sana, labda meseji zao tu.

Kuna Mangi wa dukani, 86,000. Na shangazi yangu, 300,000, alinitolea mwaka jana mtoto alipofanyiwa upasuaji. Hajawahi kunidai, lakini tukikutana kwenye shughuli za ukoo mimi natazama chini.

Mume wangu anasema zote niingize benki kwa sababu ndilo deni kubwa. Mwenzangu shuleni anasema nianze na madogo ili idadi ipungue. Roho yangu inanituma kwa shangazi. Na juzi afisa mikopo wa benki nyingine kanipigia, anasema watanunua deni langu kwa riba ya 15%, nilipe kwa miaka sita. Naomba mnisaidie kupanga.

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Mwalimu, kabla hujagusa hata noti moja, yapeleke madeni yako yote kwenye kipimo kimoja. Uliza hivi: laki moja iliyoko kwenye deni hili inanila shilingi ngapi kwa mwezi? Ukubwa wa deni hauna jibu hapo, wala ukali wa meseji. Umeandika riba tatu tofauti, moja kwa mwaka, nyingine kwa mwezi inayopungua, nyingine kwa mwezi isiyopungua, na mbili hukuziita riba kabisa. Hivyo kila mtu anayekushauri analinganisha maembe na mawe.

Tukizigeuza, picha inakuwa hii. Bodi, Mangi na shangazi: sifuri. Benki: kama 1,400 kwa kila laki kwa mwezi. SACCOS: 1,500. Kampuni ya friji: kama 5,100, na inapanda kila mwezi, tutaona kwa nini. Kausha damu: 20,000. Mkopo wa simu: 35,000.

Soma tena hiyo ya mwisho. Deni ulilosema halikusumbui ndilo ghali kuliko yote. Ulichoshika mkononi ni 170,000, siyo 200,000. Ile 30,000 wanayokata mwanzoni ndiyo riba, hata wakiiita ada ya huduma. Kwa wiki mbili ni 30,000, kwa mwezi mmoja 60,000, juu ya 170,000. Kuanzia katikati ya Septemba mpaka sasa ni mizunguko sita, 180,000. Umeshalipa zaidi ya hela uliyopewa na bado unadaiwa yote. Halikuumi kwa sababu linatoka kidogokidogo na linarudi palepale, kama ndoo inayovuja usiku.

Basi anza hapo. Lipa 200,000 siku linapoiva au kabla, na usikope tena. Lipa kupitia namba inayoonekana ndani ya programu yenyewe, siyo namba ya mtu anayekutumia meseji akijiita wakala wa makusanyo. Hela iliyokwenda kwenye namba binafsi haisomeki kwenye deni, na kuifuatilia ni kazi ya miezi. Salio likisoma sifuri piga picha ya kioo, tunza ile meseji ya muamala, kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uifungie programu hiyo ruhusa ya kuona namba za watu wako. Baada ya hapo ndipo uifute. Kuifuta kabla hujalipa hakufuti deni. Jiandae pia kwa meseji itakayofuata siku hiyohiyo, ya kukupongeza kwamba kiwango chako kimepanda. Wengi wananaswa hapo.

Angalia pia kama hao jamaa wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini yake. Na kama watawatumia watu wako meseji za kukuaibisha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakulinda na malalamiko yanapokewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hilo halifanyi ulichokopa kisilipwe. Linakupa tu mahali pa kusemea.

Imebaki 1,700,000. Anayefuata ni mwenye kadi yako.

Hapa hesabu ni nyepesi, kazi iko kwenye namna ya kulipa. Anakudai 500,000 na riba ya Desemba 100,000, jumla 600,000. Mlipe kabla mshahara haujaingia. Ukichelewa, ataenda mashineni mwenyewe na kadi yako, atatoa 100,000, na kesho yake atakwambia hiyo ilikuwa riba, la msingi bado. Usimwambie una shilingi ngapi kutoka kikoba. Mwambie umepata 550,000 ya kumaliza kabisa leo, umeshampa 400,000 za riba, mmalizane. Akikubali, 50,000 imebaki kwako. Akikataa, ongeza ifike 600,000 na mambo yaishe.

Lakini hela isitoke mkononi mwako kabla vitu vitatu havijawa mezani. Kadi. Karatasi yoyote uliyosaini siku ile, hasa ikiwa ni mkataba wa mauziano wa friji au kiwanja, maana wengi wao wanamsainisha mtu kana kwamba ameuza mali, au karatasi yenye sahihi na nafasi tupu. Na maandishi mafupi, mistari miwili inatosha: fulani amelipa kiasi hiki tarehe hii, hana deni, sahihi za wote na za shahidi. Pahali pazuri ni ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti. Ukitoka hapo nenda mashineni ukabadilishe namba ya siri siku hiyohiyo. Akisema kadi iko kwa bosi wake mjini, usiisubiri: nenda tawini na kitambulisho chako, kadi ifungwe, upewe nyingine. Kwa kweli hata leo, kabla ya kumlipa, una haki ya kufanya hivyo; kumpa mtu namba ya siri ni kuvunja masharti ya akaunti yako mwenyewe.

Ujue pia kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji wa namna hii anatakiwa awe na leseni, na ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, ni riba ya 3.5% kwa mwezi. Wewe unatozwa 20%. Akianza vitisho, mtaje afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri na uone sauti inavyoshuka.

Imebaki 1,100,000. Kutoka hapo toa 86,000 ya Mangi. Hana riba, kwa kipimo chetu angekaa mwisho kabisa, ila Mangi ni akiba yako ya tarehe 18. Mwalimu mwenye daftari safi dukani anachukua unga na mafuta ya kumfikisha siku ya mshahara. Mwenye deni la miezi miwili anaambiwa unga umeisha. Kwa 86,000 unanunua mlango ambao ukifungwa unarudi kwenye programu.

Kwa sababu hiyohiyo, 250,000 usimlipe mtu yeyote. Iweke kando. Najua inauma kukaa na hela wakati unadaiwa, na kihesabu inaonekana kosa. Angalia lakini jinsi ulivyoingia kwenye mikopo miwili mibaya kuliko yote: kidato cha tano, halafu katikati ya mwezi bila kitu. Haikuwa anasa. Ukilipa mpaka senti ya mwisho wiki hii, Januari inakuja na sare, madaftari, nauli ya binti na michango, na hapo hutachagua mkopeshaji, utachukua aliye karibu. Iweke kwenye akiba ya hiari ya SACCOS au akaunti isiyo na kadi, mahali pa kuitoa kwa siku moja au mbili lakini siyo kwa kubonyeza simu kitandani.

Sasa una 764,000, na hapa ndipo panapotaka akili: kampuni ya friji.

Riba yako ni 3% ya 1,200,000, yaani 36,000 kila mwezi, kuanzia rejesho la kwanza mpaka la mwisho. Haipungui. Rejesho la 136,000 ni 100,000 ya deni la msingi na 36,000 ya riba. Mwezi wa kwanza ulitozwa 36,000 ukiwa na 1,200,000 yao. Mwezi huu unatozwa 36,000 ileile ukiwa na 700,000 tu. Rejesho la mwisho utatozwa 36,000 kwa kushika 100,000. Ukiupima mkopo mzima kwa njia ya benki, hiyo 3% inakuwa kama 5% kwa mwezi. Hakuna aliyekudanganya, iko kwenye mkataba, ila ni lugha nyingine.

Swali la kuwauliza ni moja, na uliulize ofisini, jibu liwe kwa maandishi: nikimaliza mkopo wote leo, nalipa shilingi ngapi? Ukilipa kwa ratiba, marejesho saba yaliyobaki ni 952,000. Wakisema 736,000, yaani deni la msingi 700,000 na riba ya mwezi huu tu, lipa palepale. Umeokoa 216,000 na unabaki na 28,000. Wakisema 952,000, kwamba riba yote ni yao hata ukimaliza leo, basi funga pochi uondoke. Kulipa mapema hakukupi kitu chochote. Endelea na 136,000 zako kwa tarehe, bila kuchelewa hata siku moja ili faini isiingie. Deni la namna hiyo linageuka kutoka la tatu kwenye foleni kuwa la mwisho, ingawa riba yake kwenye karatasi ni kubwa. Wakitaja kitu cha katikati, mathalani 850,000, toa kwenye 952,000: unaokoa 102,000. Bado ni nzuri kuliko benki, lakini fedha hazitoshi, na akiba yako ya Januari isiguswe kwa ajili hiyo. Waombe upunguze sehemu, au subiri miezi miwili uulize tena.

Wakikubali ukamaliza, dai barua ya kumaliza mkopo na orodha ya dhamana iliyofutwa: friji, runinga, makochi, kimoja kimoja.

Tuchukue kwamba wamekubali. Linganisha sasa na wazo la mume wako. 1,900,000 yote ikiingia benki inapunguza riba ya mwezi wa kwanza kwa kama 26,900. Na mkononi mwako mwezi ujao kinaongezeka nini? Hakuna. Makato yanabaki 250,000, kinachofupika ni muda, na faida yake utaiona baada ya miaka. Wakati huohuo mwenye kadi anaendelea na 100,000, programu 60,000, friji 136,000. Kwa mpangilio wetu hizo tatu, jumla 296,000, zinabaki nyumbani kila mwezi kuanzia Januari. Tofauti hiyo mwoneshe mume kwenye karatasi. Si kwamba amekosea kuogopa deni kubwa, ila benki ndiye mkopeshaji wako wa bei nafuu ukiacha wasiotoza kabisa.

Mwenzako wa madogo kwanza yuko karibu zaidi na ukweli, maana kwa bahati madogo yako mawili ndiyo makali. Anapoteleza ni kwamba kwa foleni yake shangazi, 300,000 bila riba, anatangulia mwenye kadi, na hela ya friji haitatosha.

Shangazi, basi. Kwa hesabu anasubiri, lakini asisubiri kimya. Nenda kwake wiki hii, kwa miguu yako, na chochote kidogo mkononi, umwamkie, umwambie deni lake hujalisahau na utaanza kumrudishia Januari: 50,000 kila mwezi mshahara ukitoka, miezi sita, Juni umemaliza. Mtajie kiasi na mwezi. "Nitakulipa Mungu akijalia" ameshaisikia. Kisha mtumie siku hiyohiyo kila mwezi bila kukumbushwa, na weka gharama ya kutolea ili ampate 50,000 kamili. Jambo moja linaweza kubadilisha foleni: umwulize kama ana haja ya karibu, shamba au matibabu. Akiwa nayo, na kampuni ya friji ikawa imekataa kusamehe riba, ile 764,000 imlipe yeye yote 300,000 na inayobaki, 464,000, iende SACCOS.

Kwa nini SACCOS na siyo benki, wakati riba zao zinakaribiana, 1,500 na 1,400? Kwa sababu ya wale walimu wawili. Mshahara wako ukisimama kwa sababu yoyote ile, SACCOS itashika akiba na hisa zako kwanza, kisha itawageukia wao. Na nao, wakiwa wamekudhamini, huenda wanashindwa kukopa wanavyotaka. Tofauti ya shilingi mia kwa laki haina uzito, watu ndio wenye uzito.

Kwa hiyo kuanzia Januari ile 296,000 igawe hivi: 50,000 shangazi, 100,000 irudi nyumbani kwa sababu umeishi kwa kujibana mno na mpango wa kujinyima kupita kiasi hauvuki Machi, na 146,000 iongezwe SACCOS juu ya makato ya 80,000. Kwa 226,000 kila mwezi, ile 900,000 inaisha mwezi wa tano, na rejesho la mwisho ni kama 31,000 tu. Kwa makato peke yake ingefika hadi mwezi wa 13. Nyongeza ipeleke ofisini kwa mhasibu mwenyewe na kwenye stakabadhi paandikwe kwamba ni kupunguza deni la msingi. Isipoandikwa, mara nyingi inawekwa kwenye akiba yako au inahesabiwa kama rejesho la mwezi ujao, na riba inaendelea kutembea juu ya salio la zamani. Benki nako ni vilevile: hela ukiiacha imekaa kwenye akaunti haiguswi mpaka uandike barua, useme unataka muda upungue au rejesho lipungue, na uulize kwanza kama kuna ada ya kulipa kabla ya muda.

SACCOS ikiisha, barua ya kumaliza ifike kwa afisa utumishi kabla orodha ya mishahara ya mwezi huo haijafungwa, la sivyo 80,000 itakatwa tena na kuirudisha ni safari. Fungua slipu ya mshahara mwezi huo na unaofuata, uangalie mstari wa makato wenyewe, siyo jumla ya chini.

Bodi usiwapelekee nyongeza yoyote. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, kwa hiyo 3,900,000 haikui, na 15% ya mshahara wa msingi inakatwa kisheria upende usipende. Kwa 180,000 utamaliza ndani ya miezi 22. Miezi mitatu kabla, omba taarifa ya salio ili makato yasije yakapitiliza.

Kikoba kipya kikianza Januari, ingia, lakini kwa hisa ndogo kuliko za mwaka huu mpaka SACCOS iishe. Kukopa kwenye kikoba ili kununua hisa za kikoba hichohicho tumeona watu wakifanya, na hesabu yake huwa haifungi.

Sasa yule afisa aliyekupigia simu. Ofa yake inasikika tamu: 17% inashuka 15%, na makato yanashuka kutoka 250,000 hadi kama 135,300. Zidisha lakini. Kwa mkopo ulionao, miezi 32 kwa 250,000 ni 8,000,000, riba iliyobaki 1,600,000. Kwa wake, miezi 72 kwa 135,300 ni 9,741,600, riba 3,341,600. Riba imeshuka kwa mdomo, imezidi mara mbili kwa shilingi, kwa sababu muda umerefushwa. Na hapo bado ada ya mkopo na bima hazijaingia. Ofa hiyo ingekuwa na maana kama usingekuwa na hela ya kikoba na njia pekee ya kumtoa mwenye kadi ingekuwa mkopo mpya. Kuhamisha deni la 20% kwa mwezi kwenda 15% kwa mwaka ni ahueni ya kweli. Hauko hapo. Ataendelea kupiga, hasa SACCOS ikiisha na theluthi yako ikafunguka tena, na wa benki yako naye atakupigia kukuongezea mkopo. Mwombe kitu kimoja tu, akutumie kwa maandishi: jumla ya marejesho yote mpaka siku ya mwisho, ada na bima zikiwa ndani. Weka namba hiyo pembeni ya 8,000,000 yako, halafu ndipo umjibu.